Kabla ya Kugusa Nati

Gari kuukuu likianza kuvuta upande, kila mtu ana jibu lake. Dereva atasema ni alaimenti. Abiria wa mbele atasema ni tairi. Kijana wa gereji, hata kabla injini haijazimwa, keshashika spana na macho yake yako kwenye tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Atalegeza klipu mbili, azungushe bomba nusu mzunguko, akaze, alipwe. Gari litatoka pale likienda sawa kwa siku chache, kisha litarudi, na safari hii litakuwa limekula tairi.

Ninayetaka kumsifu ni fundi wa namna nyingine, yule ambaye tairodi huifikia mwisho kabisa. Na gari ninalolisemea ni Land Rover ya zamani, kwa sababu hakuna gari lingine ninalolijua ambalo linafunua haraka hivyo nani ana subira na nani hana.

Land Rover za kwanza zilitoka mwaka 1948. Series II ikafuata 1958, IIA 1961, III 1971, na mwaka 1985 uundaji wa aina hiyo ukakoma. Katika miaka yote hiyo sehemu ya mbele ilibaki karibu ileile: ekseli moja nzima ya chuma, imefungwa kwa yu-bolti kwenye springi za mabapa, na kila mwisho wa ekseli kuna kingipini ambayo gurudumu hugeukia. Gurudumu linainama nje kwa juu kwa nyuzi 1.5. Kingipini inaegemea ndani nyuzi 7, na kichwa chake kimelala nyuma nyuzi 3, na huko kulala nyuma ndiko kunakoufanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Pembe hizi zote tatu zimetiwa kiwandani. Hakuna nati ya kuzibadilisha, hakuna skrubu. Kinachorekebishwa ni kimoja tu: magurudumu yakaribiane mbele kidogo kuliko nyuma, tofauti ya milimita 1.2 hadi 2.4.

Kwa hiyo pembe ikipotea, maana yake kuna kitu kimelika, kimepinda, kimekatika au kimehama. Kazi ni kukitafuta. Na mwenye kukimbilia ile nati moja inayozunguka huwa ameuficha ugonjwa, tena ameupa mahali pa kukua.

Na kwa kulika na kupinda, pwani ya Wabajuni inalijaribu gari kwa kila njia. Kutoka Kismayu, Somalia, kushuka kusini, ukipita mkabala wa Koyama, Chovai na Chula hadi Ras Kamboni mpakani mwa Kenya, visiwani watu huenda kwa miguu na kwa mashua. Gari liko bara, kwenye mchanga. Karibu na maji kuna matumbawe yanayogonga springi kutoka chini. Ukielekea bonde la Juba kuna udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hushika gurudumu na kuupindua usukani mikononi mwa dereva. Na juu ya yote kuna chumvi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki kutu, na hilo limewadanganya wengi. Chasisi yake ni ya chuma. Nimeona gari ambalo rangi yake ingali inang'aa, milango inafunga vizuri, lakini pembe za mbele za chasisi, pale springi inaposhikwa, zimelika kwa ndani kiasi kwamba ukigonga kwa nyundo husikii mlio wa chuma. Springi ikishikwa na chuma kilichooza, ekseli nzima inakwenda inakotaka.

Fundi niliyemjua mimi ni Mbajuni aliyejifunza kazi Kismayu kabla ya vita vya 1991, kwenye malori ya Fiat kwanza, halafu magari madogo. Vita vilimleta Mombasa pamoja na wenzake wengi, wale waliokaa kambi ya Jomvu miaka ya 1990, na huko akaendelea na kazi yake chini ya mwarobaini, bila shimo la ukaguzi wala mashine. Nilipata kukaa naye saa nyingi. Sikupata kumwona akianza kwa spana. Alianza kwa maswali.

"Linavuta siku zote, au ukikanyaga breki?"

"Nikikanyaga breki zaidi, ami."

"Zaidi, au wakati huo tu? Fikiri, mwanangu. Usinijibu upesi."

Swali hilo linagawa kazi nzima mara mbili. Gari linalovuta wakati wa breki tu halina ugonjwa wa pembe. Mara nyingi sili ya habu imepasuka, oili imeshuka kwenye dramu, na lainingi ya upande mmoja imelowa. Upande mkavu unashika, ule wenye oili unateleza, na gari linaelekea upande unaoshika. Linalovuta siku zote, hata mguu ukiwa mbali na breki, huenda breki moja haiachii. Hilo halihitaji chombo. Unaendesha bila kukanyaga breki sana, unasimama, unashuka, unaweka kiganja karibu na habu zote mbili. Ya moto imejieleza.

Kisha huja tairi, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mkono wa fundi unasoma. Kwanza alipima upepo, kwa sababu tairi moja kuwa na upepo pungufu kunatosha kulivuta gari, na ni aibu kufungua kingipini kwa kosa la pampu. Baadaye alipitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu akakirudisha. Kama kwenda ndani kunateleza na kurudi nje kunakwaruza, magurudumu yamefungwa mno kwa mbele. Ikiwa ni kinyume chake, yamefunguka. Meno ya mpira huwa yamechongwa upande mmoja na lami, na jicho halilioni jambo hilo mpaka limezidi; kiganja hulijua mapema. Tairi iliyolika mabega yote mawili imeendeshwa bila upepo wa kutosha. Iliyolika katikati imejazwa kupita kiasi. Yenye mashimo mashimo ya kupishana inataja shokapu zilizokufa au beringi iliyolegea. Na iliyolika bega moja tu, laini bila mikwaruzo, hiyo ndiyo ilimfanya anyamaze na kulizunguka gari mara ya pili, kwa kuwa mwinamo wa gurudumu la Land Rover haurekebishwi, na ukibadilika ujue chuma kimepinda au kingipini imekwisha.

Alilizunguka kweli. Alisimama mbele hatua kadhaa, akachuchumaa, akaangalia gari lilivyosimama. Springi za mbele za Land Rover hazifanani: ya upande wa dereva ina nguvu zaidi kuliko ya upande wa abiria, kwani dereva yumo siku zote. Sasa fikiria magari yanayovuka mpaka wa Kenya na Somalia. Jubaland, yaani nchi ya Kismayu, ilikuwa mikononi mwa Waingereza pamoja na Kenya mpaka walipoikabidhi Italia mwaka 1925, na hadi leo Kenya huendesha kushoto, Somalia kulia. Gari lenye usukani wa kulia likifungwa springi zilizotolewa kwenye gari lenye usukani wa kushoto, pande zikibaki zilezile, litasimama limeinama, na watu watatafuta ugonjwa kila mahali isipokuwa hapo.

Barabara nayo ina lake. Lami hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, na gari hushuka kidogo kuelekea ukingo ulio karibu. Kenya ukingo huo uko kushoto, Somalia uko kulia. Fundi wa Mombasa akilirekebisha gari lisivute kushoto kwa kulitia mvuto mdogo wa kulia, amelitengeneza kwa barabara za Kenya tu. Likifika Kismayu, mvuto wake na mteremko wa barabara vitakwenda upande mmoja, na dereva atashindana na usukani njia nzima kwenda Jilib. Ndiyo maana mzee yule hakukubali kamwe kulijaribu gari upande mmoja wa barabara peke yake. Alitafuta uwanja tambarare, akaenda, akageuza, akarudi palepale. Likivuta kushoto kwenda na kulia kurudi, uwanja ndio wenye mteremko.

Baada ya hapo ndipo alipolala chini. Usukani wa Land Rover hizi una vichwa sita vya mpira wa chuma: viwili kwenye fimbo itokayo boksi ya usukani hadi rilei, viwili kwenye fimbo itokayo rilei kwenda gurudumuni, viwili kwenye tairodi. Vyote sita hukaguliwa magurudumu yakiwa chini, yamebeba uzito, kwani kichwa kilicholegea kinaweza kujificha gari likiwa juu ya jeki. Mwanagenzi anakaa kitini na kutikisa usukani, kushoto kidogo, kulia kidogo, si zaidi ya upana wa vidole viwili. Fundi anaweka mkono juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine, na anangoja. Kiungo kizima hupitisha mwendo bila kuchelewa. Kilicholika hunyamaza kidogo, ndipo kigonge. Alikuwa akifumba macho. Nilimwuliza sababu, akasema macho humwingilia.

Rilei inastahili neno la peke yake. Ni silinda iliyosimama ndani ya boriti ya mbele ya chasisi, imejaa oili, na ndani yake kuna springi kali inayobana koni mbili. Oili ikikauka, na pwani yetu maji ya chumvi huingia mahali pake, rilei hukaza. Hapo usukani haurudi katikati baada ya kona, na dereva anaona kama gari linavuta upande aliokata mara ya mwisho. Leo analalamika kushoto, kesho kulia. Mlalamikaji wa namna hiyo husukumwa kando na mafundi wengi kama mtu asiyejua anachosema, lakini mzee yule alimsikiliza kuliko wote, kwa sababu ugonjwa unaozungumza hivyo mara nyingi ni rilei iliyokaza au kingipini iliyokaza. Alikuwa akikataza vijana kuifungua rilei bila kuifunga kwanza. Springi ile ikiponyoka inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya.

Kutofautisha beringi na kingipini ni jambo dogo, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Gurudumu linainuliwa kwa jeki, fundi analishika juu na chini, anasukuma na kuvuta. Likicheza, kosa linaweza kuwa beringi ya habu au kingipini, na kwa macho huwezi kujua. Mwanagenzi anaambiwa akanyage breki. Breki ikishika, dramu na kibao chake vinakuwa kitu kimoja, beringi inapoteza nafasi ya kucheza. Uchezaji ukitoweka, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini. Swali linajibiwa kwa mguu mmoja na mikono miwili, na hakuna kilichofunguliwa.

Kingipini ikishajulikana kuwa ndiyo, kazi inakuwa ya kupima. Kingipini haitakiwi kuzunguka bure. Lazima ikaze kwa kiasi, ili gurudumu likigonga shimo lisianze kutikisika kushoto na kulia mpaka dereva ashindwe kulishika, jambo ambalo kila aliyeendesha Land Rover iliyochoka analikumbuka kwa hofu. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha kiwanda: ukiuvuta mkono wa usukani kwenye tundu lake, uzunguke kwa nguvu ya kati ya kilo 6.3 na 7.3. Chombo ni mizani ya springi yenye ndoano. Na mizani hiyo pwani haikosekani. Ni ileile inayoning'inizwa sokoni kupimia changu na tasi. Mzee alikuwa na yake, imefungwa kwenye kitambaa, na kabla ya kuitumia aliihakiki kwa galoni ya maji aliyoipima mwenyewe. Aliitia ndoano, akavuta polepole, kwa mwendo mmoja. Hakusoma pale mkono unapokurupuka, maana mwanzo daima unadai nguvu zaidi. Alisoma ukiwa tayari unakwenda.

Kabla ya hapo alikuwa ameshaondoa ile sili kubwa inayolifuta tufe la kingipini. Kuiondoa ni kazi chafu, bolti nyingi ndogo, oili inamwagika mkononi. Lakini sili inakwaruza, na ukipima ikiwapo utahesabu mkwaruzo wake pamoja na ukazaji wa kingipini, upate kilo saba za uongo. Kingipini ikiwa imelegea, aliondoa shimu, kibati chembamba kilicho chini ya kichwa cha kingipini, akafunga, akapima tena. Ikiwa imekaza mno, aliongeza. Aliondoa kibati kimoja, na mizani ikasogea kidogo tu. Akasema bado, akarudia. Wateja waliokuwa wakingoja walikuwa wakichungulia saa. Yeye hakuharakisha wala hakupunguza mwendo.

Kazi nyingine za pwani hii zimeshaandikwa. Profesa Mtaliano, Vinigi Grottanelli, alichapisha Roma mwaka 1955 kitabu kizima juu ya Wabajuni na maisha yao ya uvuvi. Mitepe, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba ambayo wajenzi wa pwani hii na visiwa vya Lamu walikuwa mabingwa wake, imepimwa na kuchorwa na wataalamu, na ni haki yake. Natamani mtu awakalie hivyohivyo mafundi wa gereji, na daftari na subira, kabla hawajaisha. Elimu yao imekaa mikononi, na magari ya kuwafundishia vijana yanapungua kila mwaka.

Turudi kwenye gari. Ekseli yenyewe nayo hukaguliwa kama imekaa mraba. Kila springi ina bolti moja katikati inayopita kwenye mabapa yote, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la ekseli. Yu-bolti zikilegea, uzito wote wa kusukumana unaangukia bolti hiyo, inakatika, na ekseli inateleza nyuma upande mmoja. Gari sasa linakwenda upande kama kaa, na ukilifuata kwa nyuma utaona bodi inaelekea kwingine na magurudumu kwingine. Kinachohitajika ni uzi. Unapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia, kisha kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Urefu ukitofautiana, usiguse usukani. Nenda kwenye springi.

Vyote hivyo vikiwa vimekaguliwa, vimebadilishwa (safari hii springi na bolti yake ya katikati) au vimeachiwa salama, ndipo ilipofika zamu ya tairodi. Mzee alikuwa na ufito wa mkoko ulionyooka, umekauka miaka mingi, na misumari miwili, mmoja umekazwa na mwingine unasogea. Aliinua gurudumu, akapaka chaki katikati ya tairi, akalizungusha huku ncha ya msumari imetulia juu ya kizuizi, hata ukapatikana mstari mwembamba kuzunguka mpira wote. Tairi haiko duara kamili na rimu za zamani zimepinda. Mstari uliochorwa hivyo hauoni makosa hayo. Akashusha gari, akalisukuma nyuma kidogo, halafu mbele, ili springi na viungo vikae kama vinavyokaa njiani. Mwisho wa kusukuma uwe mbele, alisisitiza, kwa sababu gari likirudishwa nyuma viungo vyote huegemea upande mwingine. Alipima nyuma ya magurudumu kwa kimo cha ekseli, akatia alama kwa chaki. Halafu akalisogeza gari nusu mzunguko, alama ileile ikaja mbele, akapima hapo.

Tofauti anayoitafuta ni milimita mbili. Mtu atauliza kama inafaa kusumbuka hivyo kwa milimita mbili. Chukua tairi ya Land Rover yenye kimo cha sentimita 80 hivi. Magurudumu yakiwa yamefungwa milimita 10 mbele, tairi mbili kwa pamoja zinaburutwa upande mita 12 na nusu kwa kila kilomita. Kutoka Kismayu hadi Mogadishu ni kama kilomita 500. Katika safari hiyo moja mpira umekwaruzwa upande zaidi ya kilomita 6, pamoja na kubingirika kwake kwa kawaida. Tairi mpya haivumilii safari nyingi za hivyo.

Siku hizi Mombasa kuna mashine za alaimenti zenye mianga na skrini, na zinasema kweli. Lakini zinasema kweli ya dakika ile tu, gari limesimama juu ya sahani laini. Kichwa cha tairodi kikiwa kinacheza milimita nne, mashine itaonyesha namba nzuri na gari likitoka mlangoni namba hiyo haipo tena. Mashine inaanza pale mzee anapomalizia. Vikikutana, mashine na mikono ya namna hiyo, gari litapata tiba ya hali ya juu kabisa.

Alipokaza klipu za tairodi aliweka vichwa vyote viwili kwenye mkao mmoja, visije vikashindana usukani ukikatwa hadi mwisho. Akatia oili kwenye tufe za kingipini. Akalijaribu gari mwenyewe uwanjani, kwenda na kurudi, mikono ikiwa karibu na usukani bila kuushika. Aliporudi hakuzima injini mara moja. Alikata usukani hadi mwisho kulia, akaachia huku gari linatambaa, akautazama ukirudi. Halafu kushoto. Ulirudi sawasawa pande zote mbili.

"Ukifika Malindi," alimwambia mwenye gari, "kaza yu-bolti."

"Si umeshazikaza, ami?"

"Nimezikaza gari limesimama. Springi mpya zitakaa ukienda nalo, na yu-bolti zitalegea. Usipozikaza, ile bolti ya katikati itakatika tena kabla hujafika Lamu, na utarudi hapa uniambie alaimenti imeharibika."